Kozi za kuzamia: kadi ni ileile ila mafunzo sio yaleyale

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu maswali ya kuzamia yamekuja mengi sana, nadhani ni kwasababu siku hizi kutoka Dodoma kwenda Dar kwa SGR ni suala la masaa tu, asubuhi unapanda hapa mchana uko bandarini unasubiri boti ya Unguja. Ninaposema kuzamia namaanisha kule kwa mtungi wa hewa mgongoni, sio kuzamia meli. Nilifundisha Unguja na Mafia miaka kadhaa kabla mume wangu hajahamishiwa huku na wizara yake, kwahiyo najibu kama mtu aliyekuwa ndani ya boti. Nimechagua sita.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa mwezi wa nane, fungate tunaenda Nungwi na tumepanga tusome kuzamia mpaka tupate cheti. Shule moja imetuambia 1,200,000 kwa kila mtu, siku 4. Alafu kuna kijana tumepewa namba yake na rafiki, anasema yeye anatupeleka sehemu kwa 650,000 siku 2 na cheti ni kilekile cha kimataifa. Kama kadi ni ileile si bora tuokoe hiyo hela tuongeze kwenye hoteli? (Bwana harusi mtarajiwa, Kisasa)

JIBU: Hongereni sana. Huyo kijana hajawadanganya kuhusu kadi, ni ileile kabisa, na hakuna atakayewauliza mbele ya safari kwamba mlisoma siku ngapi. Ila ngoja niwaeleze hela inavyotembea kwenye hii biashara alafu mtaona hiyo 550,000 mnayopunguziwa imetolewa wapi.

Makampuni yanayotoa kadi, kama PADI iliyoanza Marekani 1966 au SSI iliyoanza 1970, kwa kawaida sio yanayowafundisha nyinyi. Yenyewe yanaandika mtaala, yanaweka masharti ya chini kabisa ya kufuatwa, na yanaiuzia shule vitabu au masomo ya kwenye simu pamoja na kadi. Shule inalipia hivyo kwa kila mwanafunzi na hapo hakuna kubembelezana bei. Mafuta ya boti nayo hayapungui kwasababu nyinyi ni maharusi, ukitoka Nungwi kwenda Mnemba ni mwendo na kuna ada ya hifadhi juu. Kompresa ya kujazia mitungi inakula umeme au dizeli na filta zake lazima zibadilishwe. Regyuleta, yaani ile unayong'ata mdomoni kuvutia hewa, inatakiwa ifunguliwe na fundi kwa ratiba aliyoweka mtengenezaji, nyingi ni kila mwaka au miwili, na spea zake zinatoka nje. Sasa mtu akikwambia nusu bei, jiulize amekata wapi kwasababu karibu vyote nilivyotaja ukivikata boti haitoki. Vilivyobaki vya kukata ni viwili tu, muda wenu wa kukaa kwenye maji, na mwalimu. Na kwa shule mbaya zaidi cha tatu ni fundi wa regyuleta.

Kuhusu mwalimu, watu wengi hawajui kwamba instrakta wengi hawana mshahara wa maana, wanalipwa kwa kichwa, yaani kila mwanafunzi anayepata kadi ndo hela inaingia. Mwanafunzi mzito anayehitaji siku ya ziada anamuongezea kazi na haimuongezei hata shilingi, na yule anayemwambia "hapana wewe bado hujaiva" anajinyima mwenyewe. Wala sio kwamba ana roho mbaya, ana kodi ya nyumba na watoto shuleni kama sisi. Lakini mfumo wenyewe unamsukuma apitishe watu.

Mi mwenyewe nilisoma kwenye shule ya namna hiyo, jina naliacha. Tulikuwa wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja, na idadi hiyo baharini PADI inaruhusu, kwahiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Kuna zoezi la kuvua maski chini ya maji, kuivaa tena na kutoa maji kwa kupuliza kwa pua. Tulipigishwa magoti kwenye mchanga tukafanya kila mtu mara moja, mwalimu anakupa mkono wa pongezi anahamia kwa mwingine, basi imeisha. Daivu ya tatu, yaani kuzamia kwangu kwa mara ya tatu, kwenye mita 9 hivi, pezi la mwenzangu likanipiga usoni maski ikachomoka, maji yakaingia puani, nikasahau kila kitu nikapanda juu kama mshale. Nilikuwa napiga kelele ndani ya regyuleta na zile kelele ndo zilikuwa zinatoa hewa kifuani, ndo maana leo nawaandikia. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya juu, kwahiyo hewa iliyojaa mapafuni ukipanda nayo umeibana pumzi inataka kuwa mara mbili na mapafu hayana pa kuipeleka, yanachanika, na hilo linaweza kutokea hata kwenye bwawa la kuogelea la kina cha kawaida. Kesho yake nilipewa kadi. Mwalimu hakuniuliza kitu na mimi kwa aibu sikusema. Nilivyokuja kuwa instrakta sijawahi kumpitisha mtu aliyevua maski mara moja tu, nilikuwa nawafanyisha mpaka wanachoka, wakiwa wanaelea na kuogelea, sio wamepiga magoti, kwasababu ajali haikusubiri upige magoti.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Openi Wota ya PADI, yaani hiyo kozi ya kwanza mnayoitaka, ina sehemu 5 za bwawani au kwenye maji tulivu, daivu 4 za baharini mpaka mita 18, mtihani wa nadharia, kuogelea mita 200 bila kikomo cha muda na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Jaza hayo yote kwenye siku mbili na watu wanane, gawanya, uone kila mtu ameangaliwa na mwalimu dakika ngapi. Muulizeni kila mmoja, huyo wa bei rahisi na huyo wa bei kubwa, tutakuwa wangapi, anayetufundisha nani na ana daivu ngapi kwenye bahari hii (maana mtu anaweza kufanya mtihani wa kuwa instrakta akiwa na daivu 100 tu), na nisipoiva ndani ya siku mlizosema nini kinatokea, naongezewa siku bure, nalipia au napewa kadi hivohivo? Jibu la hilo swali la mwisho litawaambia zaidi kuliko tangazo lolote. Na msidhani 1,200,000 ndo dhamana, kuna shule za ghali ambazo kipande kizuri cha hiyo hela ni komisheni ya hoteli au ya papasi (dalali wa watalii) aliyewaleta, mwanafunzi hakioni.

Kuokoa hela inawezekana kwa njia nyingine. Nadharia someni hapahapa Dodoma kwenye simu kabla ya safari, bando ni rahisi kuliko usiku mmoja wa hoteli Nungwi. Kuogelea jifunzeni hapahapa pia, hoteli kadhaa mjini zina bwawa na unalipa kiingilio. Nimeona watu wazima wanafika kisiwani hawajui kuelea, siku nzima ya kozi ya hela nyingi inaishia kufundishwa kupiga miguu. Mwezi wa nane wageni ni wengi na makundi yanakuwa makubwa, hilo mlijue. Na kama hela haitoshi kabisa, fanyeni ile daivu ya majaribio, siku moja, haizidi mita 12, nyinyi wawili na mwalimu wenu peke yenu, mrudi na picha za kasa na matumbawe, kadi mtaifuata mwakani. Mimi ningefanya hivyo kuliko kadi ya siku mbili.

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza chuo utalii niko mtaani mwaka wa pili. Kuna shule ya kuzamia visiwani imeniambia nije nifanye kazi bure miezi 6 alafu watanipa Daivu Masta, yaani cheti cha kuongoza wazamiaji, ila vitabu na ada ya kadi nilipe mwenyewe. Je nitapata ajira kweli? (Kijana wa Iyumbu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kazi zipo, ila ujue unapoingia. Huwezi kuruka moja kwa moja Daivu Masta, unaanza Openi Wota, unakuja Adivansi ambayo ni daivu 5, unakuja kozi ya uokoaji pamoja na huduma ya kwanza, uwe na miaka 18 na angalau daivu 40 ndo unaanza. Kila hatua ina ada yake na kadi yake. Ukishamaliza kuna ada ya uanachama ya kila mwaka, inahesabiwa kwa dola, usipolipa huruhusiwi kuongoza wageni kwa jina lao. Bima pia. Hivi huwa hawavitaji siku ya kwanza.

Halafu kuna jambo linaloniuma kwa kweli. Vijana wa Ulaya wanakuja na akiba zao kufanya huohuo utumishi wa bure miezi mitatu minne wakiwa likizo, wanalala hosteli, wanabeba mitungi, wanaondoka, wanakuja wengine. Kwao ni likizo nzuri na siwalaumu. Lakini shule ikishazoea kuwa na watu wa bure mwaka mzima, mtoto wa Kitanzania aliyesoma vizuri anakuja kuomba mshahara anaambiwa subiri, au anapewa kibarua cha siku kwa siku anategemea tipu za wageni. Nimewaona wenzangu wazuri sana, wanaojua mkondo wa maji kwa kuangalia tu rangi ya bahari, wamerudi kwenye uvuvi au bodaboda.

Kwahiyo usikatae, ila usiende kichwakichwa. Waambie waandike kwenye karatasi, kwa wiki utazamia mara ngapi, nani atakusaini, chakula na pa kulala ni juu ya nani, na baada ya miezi 6 wakikuajiri watakulipa kiasi gani. Kubeba mitungi ya kilo 15 kutoka gari mpaka boti sio kozi. Ukiona wiki ya tatu bado unabeba na kuosha tu na hujaingia majini, ujue wamepata kuli. Na wakati unasubiri jifunze Kiitaliano au Kifaransa, Unguja wageni wa lugha hizo ni wengi na shule inamshikilia mtu anayeweza kumtuliza mgeni kwa lugha yake akiwa na hofu. Kiswahili chako nacho ni mtaji, mtu anayeelewana na nahodha na wavuvi anajua leo wapi kuna mkondo kabla boti haijatoka. Mafia usiiache kwenye hesabu, hifadhi ya bahari ipo tangu 1995 na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu wageni wanafuata papa potwe.

SWALI: Habari dada. Ofisi yangu iko Mtumba, likizo sina. Nikienda Unguja Ijumaa jioni, nikazamia Jumamosi na Jumapili asubuhi, alafu jioni nichukue treni ya Dar kurudi Dodoma, itakaa? (Mtumishi, Ilazo)

JIBU: Haitakaa kaka, naomba usifanye. Watu wanajua habari ya kutopanda ndege baada ya kuzamia, ila wanasahau kwamba Dodoma yenyewe iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ukiwa chini mwili unanyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa unayovuta, ukipanda juu taratibu inatoka yenyewe kwa kupumua, lakini haitoki yote siku hiyo. Ukipelekwa haraka sehemu yenye hewa nyepesi iliyobaki inaweza kutengeneza mapovu kwenye damu na viungo, ndo ule ugonjwa wa wazamiaji, maungo yanauma, ganzi, wengine miguu inakufa ganzi moja kwa moja. Treni, basi au gari yako binafsi haina tofauti, kinachohesabika ni urefu wa mahali unapoenda na muda uliopita.

Mwongozo unaotumika sana, wa DAN (shirika la usalama wa wazamiaji), unasema subiri masaa 12 kama umezamia mara moja tu na 18 kama ni mara nyingi au siku zaidi ya moja, na hayo ni kwa mtu asiye na dalili yoyote. Kwahiyo zamia Jumamosi mpaka saa sita mchana, Jumapili asubuhi kaa ufukweni au tembea Mji Mkongwe, boti kwenda Dar haina shida maana ni usawa uleule wa bahari, treni ya jioni utakuwa umepitisha masaa 24 na zaidi. Shule itakayokuuzia daivu ya Jumapili asubuhi bila kukuuliza unarudi wapi na saa ngapi, hiyo haijakuangalia wewe. Wengi wao wamezoea wageni wanaobaki wiki nzima na sisi watu wa bara wanatuona kama watu wa Dar tu.

SWALI: Mwanangu, mimi nakaa karibu na bwawa la Mtera. Wavuvi wetu huwa wanazama na inachukua muda mrefu kuwapata. Tunafikiria kuchangishana tupeleke vijana wawili visiwani wakasomee kuzamia ili wawe waokoaji wetu. Unashauri nini? (Mzee wa kijiji)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na poleni. Wazo lina moyo mkubwa lakini hiyo kozi sio ya kazi hiyo. Anayesoma Openi Wota anafundishwa kutalii kwenye maji meupe, anaona mita kumi na kuendelea mbele yake, ana mwenzake pembeni na boti juu. Mtera maji ni tope, kuna nyavu na visiki chini, kuna mamba na viboko, na bwawa liko kwenye mita kama 700 juu ya bahari, hata hesabu za muda wa kukaa chini zinabadilika kuanzia mita 300. Kijana wa kadi ya siku nne mkimshusha hapo usiku kutafuta mtu mtakuwa na misiba miwili. Kutafuta mwili majini ni fani ya peke yake, waachieni Zimamoto na Uokoaji, namba yao ni 114.

Na mzee, mtungi karibu siku zote unafika umechelewa. Ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43, wakapona 24, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Waliokuwa karibu ndo waliookoa. Hela ya vijana wawili kwenda na kurudi kisiwani, kulala na kozi, inanunua laifu jaketi za mitumbwi mingi ya hapo Mtera, na ikibaki mtafute mtu awafundishe vijana kuogelea, kurusha kamba na kumpulizia pumzi aliyetolewa majini. Kama mkichangishana kwa ajili hiyo niandikieni tena, nitakuja kufundisha hilo la mwisho bila malipo.

SWALI: Dada, mwanangu ana miaka 10 na ana pumu, baba yake anataka wakasome wote. Shule imesema fomu ya afya tuweke "hapana" kote ili isisumbue. (Mama wa Nzuguni)

JIBU: Mama, hiyo shule achana nayo leo. Umri wa miaka 10 unaruhusiwa, kwa kina kisichozidi mita 12 na mzazi mwenye kadi au mwalimu akiwa naye, lakini pumu inamaanisha lazima daktari amuone na asaini, kwasababu mrija wa hewa ukibana akiwa anapanda hewa inanasa mapafuni na nimeshaeleza juu hapo inafanya nini. Wanakwambia "hapana" kwasababu ukiandika "ndiyo" mteja ameahirishwa mpaka hospitali na boti inatoka na kiti kitupu. Daktari akikataa, mtoto apewe maski na mapezi aelee juu na baba yake, matumbawe ya kina kifupi yanaonekana vizuri kabisa. Wenye sikoseli, waliofanyiwa upasuaji wa kifua au masikio, na wajawazito nao wasijaze fomu kwa kukisia, na kwa mjamzito jibu ni kusubiri mpaka ajifungue.

SWALI: Ile mitungi ni oksijeni? Tumebishana ofisini. (Area C)

JIBU: Sio oksijeni, ni hewa hii hii tunayovuta hapa Area C, oksijeni asilimia 21 na iliyobaki karibu yote naitrojeni, imebanwa tu. Mtungi wa lita 12 ukijazwa mpaka mgandamizo wa bar 200 una kama lita 2,400 za hewa, na ukiwa mita 20 unaimaliza mara tatu haraka kuliko ukiwa juu. Oksijeni tupu ukishuka nayo kupita mita 6 hivi inageuka sumu, inaleta degedege. Ndo maana hewa ya mtungi inategemea sana kompresa imekaa wapi, kama inavuta karibu na eksozi ya jenereta moshi unaingia humo ndani na nyinyi mnauvuta chini. Kabla hujavaa fungua mtungi, vuta mara mbili tatu ukiwa bado kwenye boti, ikinuka mafuta au moshi usishuke, rudisha udai mwingine hata kama boti nzima inakusubiri wewe.